Jeshi la Kukamatwa kwa Nguvu Halilindi Nchi

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wakaaji wa miji,

Katika bonde hili la Ruzizi, mzazi akisikia kwamba wenye bunduki wanatafuta vijana, humwamsha mwanawe usiku na kumpeleka kwa mjomba mbali. Wako watu wanaomwita mwoga. Mimi nalikataa neno hilo.

Tukumbuke mambo ya wazee wetu. Mwaka 1891 Serikali ya Leopold II iliamuru kwamba vijana watolewe kwa Force Publique. Machifu wengi hawakutoa watoto wao wenyewe. Walitoa watumwa, na wale waliogombana nao. Wengine walipelekwa na mnyororo shingoni. Jeshi hilo lilimlinda nani? Liliwachapa wananchi ili walete mpira wa Mzungu.

Ndugu mmoja ataniuliza: je, umesahau tarehe 6 Juni 2014? Sijasahau. Usiku ule watu 30 na zaidi waliuawa hapa Mutarule, wengine wakiwa katika ibada. Askari wa Serikali na wa Umoja wa Mataifa walikuwa karibu, hawakuja kutuokoa. Basi si hesabu ya askari iliyopunguka, ni moyo wa kazi. Kijana aliyekamatwa kwa nguvu ataleta moyo gani?

Kujificha ni dawa ya usiku mmoja. Tushike sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kujiundia jeshi lake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtia jeshini mtoto aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kila mzazi amwandikishe mtoto serikalini anapozaliwa, na akitunze cheti chake.

Kifungu cha 63 kinaruhusu itungwe sheria ya kuwalazimisha watu kuingia jeshini. Siku itakapoletwa, wajumbe wetu wadai kwamba mtu ambaye dini au dhamiri yake inamkataza kuua aitumikie nchi hospitalini au barabarani, kwa maana kifungu cha 22 kinalinda dhamiri.

Nasi makarani, daftari la majina ya wafanyakazi ni la mshahara. Anayelitaka kwa ajili ya bunduki, tumnyime. Tumnyime sote pamoja, maana karani mmoja peke yake atapigwa.

Uhuru!

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa mgodi, Mutarule