Sinema Isiyo na Kichwa wala Miguu

Kuna watu wanaoshikilia kwamba sinema ni lazima iwe na mwanzo, kati na mwisho: jambazi akamatwe, wapendanao waoane, taa ziwashwe, watu waende zao. Ikienda kinyume cha hayo, huiita ya wendawazimu. Watu hao wanajinyima uhondo.

Chukua "Un Chien Andalou", yaani "Mbwa wa Andalusia", iliyotengenezwa Ufaransa mwaka wa 1929 na Wahispania wawili, Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí. Mbwa mwenyewe hamna! Inaanza kwa maandishi ya "hapo zamani za kale", kisha mwanamume ananoa wembe na jicho la mwanamke linapasuliwa. Punde tunaambiwa imepita miaka 8, na hakuna kilichobadilika. Mara sisimizi wanatoka kiganjani mwa mtu. Wawili hao walikuwa wamepatana kukataa picha yoyote inayoelezeka kwa akili. Buñuel alisimulia kwamba siku ya kuionyesha Paris alijaza mawe mfukoni, akichelea watazamaji wangemvamia. Wakampigia makofi.

Kwa nini? Kwa sababu kila mtu huota. Ndoto haina mpango, lakini aliyeamka na jasho huwezi kumwambia hakuona kitu. Sinema za namna hii hutufikishia hofu na tamaa zetu kabla hatujazitafutia maneno.

Wala si mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka wa 1973 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa "Touki Bouki". Mory, mwenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, na mpenzi wake Anta wanatamani kwenda Paris. Picha zinaruka kutoka machinjioni hadi baharini, kutoka umaskini hadi njozi za fahari. Mwishowe Anta yumo melini, Mory amebaki. Moyo uliogawanyika hivyo ungeonyeshwaje kwa hadithi iliyonyooka?

Sisemi kila fujo ni sanaa. Wapo wanaoficha uvivu nyuma ya mafumbo. Kipimo changu ni hiki: je, picha zile zinakufuata hadi nyumbani? Zikikufuata, mtengenezaji hakukulaghai.

"Touki Bouki" maana yake ni safari ya fisi. Utotoni tulimsikiliza fisi akijibizana na sungura, wala hatukumwuliza bibi alijifunza wapi kusema. Ukubwani tumepata wapi ubishi huu?