Konje si zawadi ya shefu: namna kontra fupi zinavyokula siku za wafanyakazi wa Mutoshi

"Unataka konje? Angalia inje ya mulango: wenzako wangapi wanangojea nafasi yako?" Kila mutu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya sutretansi hapa Mutoshi, Kolwezi ao Fungurume anajua maneno haya. Mutu akiyasikia, anainamisha kichwa na kurudi kwenye kazi. Leo tunataka kuyajibu wazi. Mbele ya sheria, maneno haya hayana nguvu. Mbele ya hesabu, ni wizi.

Ninaandika kwa wasikilizaji wetu wa kila siku, na zaidi kwa jamaa zilizofika hapa kwa kulazimishwa: wale waliokimbia vita ya Kasai mwaka wa 2016 na 2017, na wale ambao mashimo ya kampuni yaliwaondoa kwenye nyumba zao. Ninyi ndio wa kwanza kukubali kazi ya siku kwa siku, na ndio wa mwisho kuambiwa haki zenu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, haikuandikwa kwa watu wa biro peke yao. Inasema patroni anapaswa kumupatia mufanyakazi konje kila mwaka. Hesabu yake ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima. Mwaka muzima, siku 12. Kijana wa chini ya miaka 18 anahesabiwa siku moja na nusu kwa mwezi. Ukifanya miaka 5 kwa patroni mumoja, siku moja inaongezeka. Siku hizi zinalipwa. Mushahara haukatwi.

Tena sheria inaongeza neno ambalo wengi hawajasikia: mufanyakazi hawezi kuiacha konje yake. Hata ukitia mukono kwenye karatasi inayosema umekubali kufanya kazi bila konje, karatasi hiyo ni bure. Na kazi ikiisha mbele hujakamata siku zako, zinapaswa kulipwa kwa feza.

Kuko pia konje za mambo ya nyumba. Ukioa ao ukiolewa, siku 2. Mutoto wako akioa, siku 1. Bibi yako akizaa, siku 2. Ukifiwa na bibi ao bwana, baba, mama ao mutoto, siku 4. Ukifiwa na ndugu, dada, nkambo ao mujukuu, siku 2. Mama akizaa, ana haki ya juma 14 zinazofuatana, na katika muda huo anapata sehemu mbili kwa tatu za mushahara wake. Sheria haikusema "kama shefu anapenda".

Basi swali letu ni moja: kama siku hizi zimeandikwa, kwa nini wafanyakazi wengi hawazioni?

Mashine inayokula siku

Wazee wetu walikuwa wanasema kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Wakati wa Union Minière na kisha wakati wa Gécamines, mufanyakazi alikuwa na namba yake, nyumba, hospitali, na konje yake. Hatusemi kampuni ile ilikuwa paradizo; wengi walistaafu na madeni ya mishahara mikononi. Lakini patroni alijulikana. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa "départs volontaires", uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Kampuni mpya zilipokuja, ile namna ya kazi haikurudi. Mwezi wa Novemba 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ la hapa kwetu walitoa ripoti juu ya mine 5 kubwa za shaba na kobalti. Walihesabu kwamba wafanyakazi 57 kwa mia walikuwa wa sutretansi. Zaidi ya nusu.

Sutretansi yenyewe si zambi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliandikwa kusudi Wacongo wenye kampuni ndogo nao wapate kipande cha kazi. Ni jambo jema. Ubaya unaanza pale kampuni ndogo inapotumiwa sawa ukuta: kampuni kubwa inasema "huyu si mufanyakazi wetu", kampuni ndogo inasema "huyu ni wa muda tu", na mutu anabaki katikati bila patroni wa kuulizwa.

Tuchukue mufano. Kijana anaendesha kamyo ya mine. Anapewa kontra ya miezi 3. Siku ya mwisho anaambiwa: "Kwenda nyumbani, tutakuita." Kisha juma moja anaitwa, kontra mpya, hesabu inaanza tena kwa sifuri. Inazunguka vile miaka 2. Kwenye karatasi, hajafikisha mwaka hata siku moja. Kwenye kamyo, ni mutu yule yule, usukani ule ule, barabara ile ile. Konje yake ni karibu siku 24. Kwa mwenye kufanya siku 6 kwa juma, hiyo ni juma 4 nzima. Tuseme analipwa dola 10 kwa siku: ni dola 240. Kwa nyumba nyingi za hapa, ile ni feza ya masomo ya watoto. Zidisha kwa wafanyakazi 100, utapata dola 24 000 zilizobaki katika mufuko usio wao. Kwa hiyo tunasema wizi, na hatuogopi neno.

Sheria iliona mutego huu tangu zamani. Artikle ya 40 inasema: kama mufanyakazi wa siku kwa siku, yule tunayemuita jurnalie, amefanya siku 22 katika muda wa miezi 2, na akashikwa tena mbele ya miezi 2 ile kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Artikle ya 41 inasema kontra ya muda haiwezi kupita miaka 2, na mutu hawezi kufanyishwa kontra za namna hiyo zaidi ya mbili kwa patroni mumoja, isipokuwa kazi za majira. Na kama hakuna karatasi? Artikle ya 44 inahesabu kontra kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka patroni alete ushuhuda mwingine. Yaani patroni aliyekataa kukupatia karatasi kusudi akuponyoke, sheria inamurudishia kamba kwenye mukono wake.

Wanaotujibu

Tunajua watajibu nini. Jibu la kwanza: "Kazi ya mine haisimame, nikimutuma huyu kwenye konje nani atafanya?" Lakini mine haisimame hata dereva akiugua, hata akifa. Siku ile mutu mwingine anapatikana mbio. Konje inajulikana mwaka muzima mbele. Ugonjwa haupigi hodi. Mutu anayeweza kujaza nafasi ya maiti hawezi kushindwa kujaza nafasi ya mutu aliyekwenda kupumzika.

Jibu la pili ni la patroni mudogo, na lina ukweli ndani: "Kampuni kubwa inachelewa kunilipa, konje nitalipa na nini?" Hapa tunapiga hesabu pamoja naye. Siku 12 juu ya siku 300 za kazi ni 4 kwa mia. Ni 4 kwa mia tu ya mishahara ndiyo inafanya watu wengi wazeeke haraka. Bei hiyo iingie kwenye mapatano na kampuni kubwa tangu siku ya kwanza, sawa vile bei ya mafuta na ya pneu inavyoingia. Hakuna patroni anayesahau mafuta.

Jibu la tatu: "Inchi yetu ni maskini, konje ni mambo ya Wazungu." Tuvuke mupaka wa Kasumbalesa. Zambia, wenzetu wa shaba ile ile, sheria yao ya kazi ya mwaka wa 2019 inahesabu siku 2 kwa mwezi, ndiyo siku 24 kwa mwaka. Kenya, sheria ya 2007, siku 21 za kazi. Tanzania, sheria ya 2004, siku 28. Sisi tuna 12, chini ya wote hao, na hata hizo 12 zinakatwa.

Na kama mutu anapenda kutaja Wazungu, tuwataje vizuri. Watafiti wa université za Ulaya wanaandika juu ya kobalti yetu na batri za motokari. Wengi wao nao ni watu wa kontra fupi, mwaka mumoja ao miwili, wamemaliza doktora na hawajapata nafasi ya kudumu. Nao wanalalamika, na wana haki ya kulalamika. Lakini agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2003 linawapatia angalau juma 4 za konje inayolipwa kila mwaka, na kontra fupi haiondoi haki ile. Basi yule anayepima kobalti katika laboratwari anapumzika juma 4 kwa sheria. Yule anayeitoa kwenye udongo wa Mutoshi anaambiwa angalie inje ya mulango. Jiwe ni moja. Kwa nini mwili wa mumoja unachoka na wa mwingine hauchoke?

Ninyi muliohama

Jamaa nyingi za hapa hazikuchagua kuwa wafanyakazi wa siku. Ripoti ya Amnesty International na IBGDH ya Septemba 2023 ilieleza namna watu walivyopoteza nyumba na mashamba sababu ya mine Kolwezi na pembeni, pamoja na Mukumbi, hapa karibu. Wengine walikuwa kwenye mupango wa wachimbaji wa mikono wa Mutoshi ulioanza 2018. Ulisimama mwezi wa Machi 2020, wakati wa korona, na watu wakatawanyika. Mwenye shamba alikuwa na siku yake ya kupumzika. Leo anasimama kwenye mulango wa kampuni saa kumi na moja asubuhi, akiomba siku moja ya kazi.

Kwa muhami, konje ina uzito mwingine. Mama yako anafia Kananga. Sheria inakupa siku 4. Njia peke yake inaweza kuzimaliza. Kama una konje ya mwaka, unaziunganisha, unamuzika mama, unarudi kwenye kazi. Kama huna, unachagua: kilio ao mukate. Wengi wamechagua mukate, na mpaka leo hawajaona kaburi. Hilo haliandikwi kwenye hesabu ya kampuni yoyote.

Tunachoomba

Kwa kampuni kubwa: musijifiche nyuma ya ukuta. Muandike konje katika mapatano na kila kampuni ya sutretansi, na mbele ya kulipa fakture ya mwisho, muombe liste inayoonyesha kila mufanyakazi amekamata siku zake ao amelipwa. Munaweza kuhesabu kilo za shaba mpaka ya mwisho. Mutaweza kuhesabu siku.

Kwa Inspeksio ya Kazi: musingoje mutu alete malalamiko wakati anajua akilalamika kesho hataingia. Muende kwenye milango, muangalie tarehe za kontra. Mutu mwenye kontra 6 katika miaka 2 hahitaji kusema kitu. Karatasi zake zinasema.

Kwa masendika: delege anayehesabu wafanyakazi wa kampuni kubwa peke yao anaacha zaidi ya nusu ya watu inje.

Na kwenu, ndugu na dada. Nunueni kaye kidogo. Kila siku ya kazi, andika tarehe, jina la patroni, nafasi na feza uliyopokea. Linda karte ya kuingilia, ujumbe wa simu, kipande chochote chenye jina lako. Ukifikisha siku 22 katika miezi 2, jua wewe si jurnalie tena. Siku ukikatwa bila konje kulipwa, anzia kwa Inspekta wa Kazi, kwani tribunali haipokei shauri ambalo halikupita kwake. Usiende peke yako; muende watatu, wanne, wenye kaye zinazofanana. Mutu mumoja anaweza kufukuzwa kimyakimya. Kaye kumi zenye tarehe zile zile, hakuna shefu anayeweza kuzifukuza.