Picha ya Songea Isizunguke Dunia

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Februari, wananchi hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Siku hizi aliyeko Mbinga au Tunduru aweza kutazama shughuli kama hizo kwenye simu, mradi picha isikwame. Na hukwama.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi picha hizo zinavyosafiri. Video safi, ikiachwa ilivyo, hudai zaidi ya gigabiti 1 kwa sekunde, mzigo usiobebeka. Kwa hiyo hubanwa: kisichobadilika, kama ukuta ulio nyuma ya msemaji, hakitumwi upya. Mzigo hushuka hadi megabiti 5 hivi. Kisha video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande katika viwango kadhaa vya ubora. Simu huagiza kipande kimoja baada ya kingine na kujiwekea akiba kidogo. Njia ikisongamana, huagiza kipande hafifu; akiba ikiisha, picha husimama na kile kiduara huanza kuzunguka.

Hapa redio yaishinda intaneti kwa mbali. Mnara wa redio hutoa wimbi moja, wasikilize watu 10 au 10,000. Katika intaneti kila mtazamaji hupelekewa nakala yake. Watu 1,000 wakitazama Songea, yadaiwa gigabiti 5 kwa tukio lile lile. Tena mara nyingi tukio hilo hupelekwa kwanza kwenye seva za mbali, ndipo lirudi. Ni sawa na kupeleka mahindi ya Ruvuma yakasagwe ng'ambo ili ugali uliwe Songea.

Wapo wasemao kwamba Mkongo wa Taifa unatosha. Mkongo huo umefanya kazi kubwa, wala haubezwi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilizorota nchini. Umbali wenyewe si neno, kwani mwanga hupita ndani ya mkongo kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Tatizo ni nakala zote kusongamana katika njia moja.

Hapana budi, basi, seva za akiba ziwekwe mikoani, Songea ikiwamo, ili kipande kiletwe mara moja na kugawiwa wote papo hapo. Ni kweli kwamba mnara wa simu uliozidiwa na watu hautaponywa na seva hizo. Minara nayo yataka kuongezwa. Makampuni yatasema seva zahitaji umeme usioyumba. Gridi ya Taifa ilikwisha fika Songea mwaka 2018. Kizito zaidi ni kwamba video nyingi hufungwa kwa msimbo wa siri, na kampuni ya simu haiwezi kujiwekea nakala bila ridhaa ya mwenye video. Ridhaa hiyo yafaa iombwe kwa sauti moja ya nchi, si kila kampuni kivyake, na iombwe kabla Februari nyingine haijafika.