Utajiri wa Umba uko miamba inapokutana

Yakuti za Bonde la Umba, mkoani Tanga, hazikutoka katika mwamba mmoja, na ndiyo sababu naona mafunzo ya madini yanapaswa kuanzia mpakani, pale miamba miwili isiyofanana ilipogusana. Karibu na Kalalani, uji wa moto, yaani magma, wa jamii ya matale ulipenya katika serpentinaiti, mwamba wa kijani iliyokoza wenye magnesiamu tele na silika haba. Serpentinaiti ikaunyang'anya uji huo silika. Alumini iliyobaki, kwa kukosa silika ya kuungana nayo, ikaganda na oksijeni kuwa korandamu, yaani yakuti, ikapata rangi kutokana na chembe za madini kama chuma na kromu. Ukingoni hapo hupatikana pia vermikulaiti, magamba ya kahawia yanayong'aa na kufura yakichomwa. Mchimbaji aliyeyaona magamba hayo ana sababu ya kusogea taratibu kuelekea kwenye mshipa, wala hana haja ya kupasua mwamba mzima.

Mtaalamu atapinga kwamba huku si kuchanganyika kwa magma mbili, maana serpentinaiti ilikwisha kuwa ngumu. Ni kweli, na tofauti hiyo inaipa hoja yangu nguvu. Mwaka 1851 mwanakemia Mjerumani Robert Bunsen, aliyekwisha kuitembelea Iceland, alieleza miamba ya huko kuwa mchanganyiko wa magma mbili. Magma ya basalti yenye joto la nyuzi 1,100 hivi au zaidi ikiingia katika magma ya matale isiyofikia hata 900, hupoa ghafla: huacha mabonge meusi ya mviringo, yenye fuwele ndogo mno kwenye kingo. Mwamba uliovunjika ukiwa mgumu huacha vipande vya kona kali. Kwa hiyo umbo la mpaka hutueleza kipi kilikuwa majimaji na kipi kilikwisha kuganda.

Wapo watakaosema wachimbaji wadogo wanajua kazi yao bila darasa. Wanaijua, na ujuzi wao ni wa thamani. Lakini shimo likifukiwa, mpaka ule hupotea bila kumbukumbu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ishirikiane nao kuhifadhi vipande vyenye pande zote mbili za mpaka, na shule za sekondari za Korogwe, Lushoto na Tanga mjini zipewe vya kufundishia.