Santuri za Nairobi na Jina la Mbotela

Ukitaka kuwaona wazee wa Mbotela wakisahau bei ya unga, waulize santuri ipi ilikuwa bora kuliko zote zilizotolewa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilifanya kosa hilo Jumapili moja nje ya duka la kinyozi, nikaondoka jua likitua na suluhu haijapatikana. Kambi moja ilikuwa ya Les Wanyika na "Sina Makosa" yao. (Mtu alitia neno kwamba wimbo huo uliitangulia kidogo miaka inayozungumzwa, wakamnyamazisha.) Kambi ya pili iliishikilia "Shauri Yako" ya Orchestra Super Mazembe. Na mzee mmoja, peke yake lakini kwa sauti ya watu watatu, alimtetea Samba Mapangala wa Orchestra Virunga na "Malako" yake.

Mabishano ya namna hii hayakuanzia kwetu. Huko Uingereza mashabiki wa ule muziki wa roki wenye kishindo hukesha wakigombana kama British Steel ya Judas Priest, ya mwaka 1980, inaipiku The Number of the Beast ya Iron Maiden, ya mwaka 1982. Ila wao hubishania santuri ndefu, zenye majalada na tarehe na majina ya wapigaji. Wazee wa Mbotela wanabishania santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo nyingi hazikuandikwa hata mwaka. Wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, kisha unaigeuza santuri ndipo magitaa yanapochemka. Kwa hiyo nilitambua kwamba ndani ya zile kambi tatu zilijificha mbili nyingine, ya wapenda maneno na ya wapenda magitaa. Mimi, kwa kuwa lugha ndiyo inayonilisha, ni wa upande wa kwanza, ingawa nakiri kwamba miguu yangu haikubaliani nami.

Kijana mmoja wa chuo cha ualimu, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa, akaingilia kati. "Wazee wangu, niwieni radhi. Hao Les Wanyika ni Watanzania, na hao wengine ni Wazaire. Ya Wakenya ni ipi?"

Pakawa kimya.

Swali lake si geni. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo lilizua manung'uniko na halikudumu. Lakini hata lingedumu, ni nani angeliweza kuchora mpaka? Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga wakaja kuunda Simba Wanyika hapa Kenya mwaka 1971. Mwaka 1978 wakajitenga baadhi ya wenzao, na hao ndio Les Wanyika. Santuri ilirekodiwa Nairobi, ikaimbwa kwa Kiswahili, ikanunuliwa kwa mshahara wa karani na wa fundi wa reli. Tunaihesabu ya nani?

Sisi walimu tuna lawama yetu pia. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba nyimbo huharibu Kiswahili. Kiswahili cha Les Wanyika kimenyooka kiasi cha kufaa somo la ufahamu bila kuguswa. Cha Super Mazembe kina lafudhi na miundo ya Kongo, na ningewajua walimu wengi ambao wangekijaza wino mwekundu. Lakini ile ni lahaja, ina kanuni zake, na mwanafunzi anayezitafuta kanuni hizo hujifunza zaidi ya yule aliyekariri orodha ya ngeli. Nimewahi kuijaribu kazi hiyo darasani, na hakuna aliyesinzia.

Hata hivyo, jibu nililompa yule kijana halikutoka katika isimu. Nilimwuliza mtaa aliosimama ndani yake umepewa jina la nani. Hakujua, wala kinyozi. Ni la Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwezi Novemba 1952. Ukoo wa Mbotela ulianzia upande wa Ziwa Nyasa. Wazee wake walitekwa utumwani, wakakombolewa, wakalowea Frere Town, Mombasa. Habari za watu hao zimo katika "Uhuru wa Watumwa", kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934, ambacho wanafunzi wetu wa fasihi hukitaja sana na kukisoma kidogo. Wa ukoo huohuo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ambaye sauti yake ilivuma redioni katika miaka hiyohiyo ya santuri zinazogombewa. Ikiwa wana wa Kinyonga wafutwe kwa sababu walikuja, basi tutafute ngazi tukabandue na kibao cha mtaa.

Katikati ya miaka ya themanini vibali vya kazi viliadimika kwa wanamuziki wageni, na bendi kadhaa zikasambaratika. Wazee walilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watajavyo msiba.

Kijana akafikiri kidogo. Kisha akauliza kama, kwa hesabu hiyo, Mapangala naye ni wetu. Yule mzee wa sauti ya watu watatu akainuka kitini.