Mapigo Elfu Moja Ni Mita Ngapi?

Katika mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na Pangani, mkata mkonge hakuhesabiwa jani moja moja. Kwa desturi iliyoenea, majani 30 yalifungwa kuwa mzigo mmoja, na mnyapara akahesabu mizigo tu. Aliyekata mizigo 70 alijulikana kuwa amekata majani 2,100, ingawa hapana aliyeyagusa tena majani hayo ili kuhakikisha. Hesabu yote iliegemea ile namba 30. Mkata asiyejua kusoma alielewa vema kwamba mnyapara akitaka majani 32 katika kila mzigo, basi majani 140 ya siku hiyo yamekatwa bila ya malipo.

Kifaa cha umeme cha kuhesabia, ambacho siku hizi hufungwa katika mitambo ya viwanda, hufanya kazi ya mnyapara yule. Hakijui mita, lita wala kilo. Kinachokifikia ni mapigo ya umeme: sumaku imepita mbele ya kihisi, pigo moja, imepita tena, pigo la pili. Ili kioo chake kionyeshe mita, hapana budi mtu akipe namba ya kuzidishia mapigo hayo. Namba hiyo ndiyo kizidishio cha skeli, nayo ni ndugu wa skeli ya ramani ambayo kila mwanafunzi wa jiografia ameisoma. Ajabu ni kwamba darasani skeli huachwa kwenye ramani, kana kwamba haina kazi nyingine duniani.

Tuseme kiwanda kinasokota uzi wa mkonge wa kufungia majani makavu ya mifugo. Wakulima wa nchi za nje huununua uzi huo kwa kuangalia idadi ya mita zilizomo katika kila kilo, kwa hiyo urefu ni sehemu ya bei. Uzi unapita juu ya gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20, na gurudumu lina sumaku 4. Mzingo wake ni 20 mara 3.1416, yaani sentimita 62.83. Ukigawanya kwa 4, kila pigo ni sentimita 15.708, au mita 0.15708. Hicho ndicho kizidishio.

Hadi hapo hesabu ni ya kidato cha pili. Taabu huanza pale fundi anapoona kuwa kifaa chake kinapokea tarakimu mbili tu baada ya nukta, akaandika 0.16. Mapigo 10,000, ambayo kwa haki ni mita 1,570.8, sasa yanasomeka mita 1,600. Uzi haukuongezeka hata shubiri moja, lakini kioo kimeongeza mita 29. Dawa yake ni nyepesi: kifaa kionyeshe sentimita badala ya mita, na kizidishio kiwe 15.71. Kosa linalobaki halifiki mita moja katika mapigo hayo 10,000. Kukadiria tarakimu kufanywe mwisho wa hesabu, na baada ya kuchagua kizio kinachofaa.

Lakini hata hesabu iliyo safi inaweza kusema uongo. Mkonge ni mkwaruzo, unakula chuma. Gurudumu likilika milimita 2 kila upande, kipenyo chake kinakuwa sentimita 19.6. Sasa linazunguka mara nyingi zaidi kwa uzi ule ule, na kioo kikionyesha mita 1,000, uzi uliopita ni mita 980. Msokotaji anasimamisha mashine kwa nia njema kabisa, na mnunuzi anapunjwa mita 20. Hakuna aliyeiba, lakini siku malalamiko yatakapofika, lawama itamwangukia msokotaji, kwa sababu tarakimu zinazong'aa huaminiwa kuliko mtu aliyesimama mbele yake.

Ndiyo maana kizidishio kilichotolewa kitabuni au kwenye kijaluba cha mashine hakitoshi. Kipatikane kwa majaribio: upimwe uzi wa mita 100 kwa utepe, upitishwe juu ya gurudumu, na mapigo yahesabiwe. Gurudumu jipya litatoa mapigo 637 hivi. Lililolika litatoa 650. Gawanya 100 kwa 650, upate 0.1538, namba inayolifaa gurudumu jinsi lilivyo leo. Anayeona uvivu akapima mita 10 tu atapata mapigo 65, na kukosea pigo moja katika 65 ni kosa la asilimia moja na nusu, karibu sawa na lile alilotaka kuliondoa.

Wapo wanaodai kwamba mambo haya ni ya fundi, na kwamba kuyaingiza darasani ni kumtwika mwanafunzi mzigo usio wake. Dai hilo ni dhaifu. Fundi huja mara moja, akaweka namba, akaenda zake. Wanaoishi na namba hiyo ni msokotaji, karani wa ghala na mnunuzi. Yafaa kila kifaa cha kuhesabia kibandikwe kibao chenye kizidishio, kizio na tarehe ya jaribio la mwisho, na wafanyakazi wawe na elimu ya kukihoji.

Mwalimu wa Tanga asiye na kiwanda karibu hakosi mfano. Mita nyingi za umeme za LUKU zina taa ndogo inayomweka, na pembeni imeandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Wanafunzi wawashe birika la umeme, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, kisha wahesabu mimweko kwa saa ya mkononi. Wakiona mimweko 10 katika sekunde 30, basi wati-saa 10, ambazo ni jouli 36,000, zimetumika kwa sekunde 30. Birika linakula wati 1,200. Halafu waligeuze birika, wasome wati zilizoandikwa chini yake, na waanze kubishana ni namba ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli.