Nani Amwambia Nani?

Wako wenzetu katika taaluma ya tafsiri washikao kuwa maneno ya kila siku ni kazi nyepesi, ya kuachiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au, siku hizi, mashine. Husema kuwa shairi na sheria ndivyo vitakavyo bingwa. Ama salamu na ahsante, yeyote aweza kuzifasiri. Naipinga rai hii. Na ili nisituhumiwe kupendelea lugha yangu, nachukua ushahidi kwa lugha mbili zilizo mbalimbali: Kiafrikana cha Afrika ya Kusini, na Kipashto cha Afghanistan na Pakistan.

Wazijuao zote mbili ni wachache, kwa hiyo tafsiri baina yao mara nyingi hupitia Kiingereza. Twaambiwa kuwa hilo ni daraja. Haya, na tulipime.

Kiafrikana kina njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe": jy kwa rika na mdogo, u kwa mgeni na mkubwa. Kipashto nacho kina te kwa mtu wa karibu na tase kwa mtu wa kuheshimiwa. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa wote. Basi heshima iliyotoka nzima ng'ambo hii, na ambayo ingepokewa nzima ng'ambo ile, hufia katikati ya daraja.

Tena, kijana asemaye Kiafrikana humwita mzee Oom, yaani ami au mjomba, na hulitumia jina hilo mahali pa "wewe": Kan Oom my help? Kijana wa Kipashto humwita mzee kaka, yaani ami. Msomaji asidhani ni kaka yetu. Adabu ni moja, lakini afasiriye neno kwa neno atamwacha msikilizaji akiuliza ni ami yupi anayetafutwa.

Sasa tugeuze upande. Mpashto akimkuta mtu kazini au njiani humwambia staray ma she, yaani "usichoke," naye hujibiwa khwar ma she, "usidhilike." Akiambiwa mwanamke, umbo la neno hubadilika. Salamu hiyo ikifasiriwa neno kwa neno huwa Moenie moeg wees nie. Sarufi ni safi, hata ukanushi wa mara mbili umo. Lakini salamu imekwisha kuwa amri. Fundi aliye juu ya ngazi atadhani anashutumiwa kwa uvivu. Mswahili aliyezoea "pole na kazi" hahitaji kuelezwa kosa liko wapi. Mfasiri hodari angeliacha neno la kuchoka, akaandika Middag, Oom, hoe gaan dit? Angepoteza neno, akaokoa salamu.

Watanijibu kuwa mashine zazidi kuwa bora. Sikatai, wala simnyimi mgonjwa aliye ugenini daraja bovu ikiwa hana jingine. Lakini swali la kwanza la tafsiri si "neno hili lina maana gani?" bali "nani amwambia nani?" Asiyeliuliza, awe mtu au mashine, hubahatisha.

Wala hasara haimfiki mfasiri. Mtu afikapo ugenini hatangulizi shairi wala sheria, hutanguliza salamu. Salamu ikiharibika, hapana asemaye kuwa mfasiri amekosa; husemwa kuwa mgeni hana adabu. Naye hubeba hatia asiyoijua, mbele ya watu ambao hawatamweleza.

Kwa hiyo natoa shauri kwa waalimu wenzangu: salamu tusiikomeshe katika somo la kwanza. Tuiweke katika mtihani wa mwisho, na aliyefasiri kila neno sawasawa huku akimvunjia mzee heshima, tumhesabu kuwa ameshindwa.